Heko kwa Wanaobandua Gome Bila Kuua Mti

Muiri, kama Wakikuyu wanavyouita, ni mti wa misitu ya milimani, kuanzia Mlima Kenya na Kilimanjaro hadi Kameruni na Madagaska. Gome lake ni jeusi, lenye mipasuko; ukilikwangua, linanukia kama lozi chungu. Matunda yake madogo huliwa na kima na ndege, nao husambaza mbegu, ambazo hazihifadhiki muda mrefu.

Tangu zamani waganga wetu huchemsha gome hilo kutibu homa, tumbo na kifua. Mwaka 1966, Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana nalo. Soko la Ulaya likafunguka, panga zikaingia msituni. Miti ikachunwa pande zote, ikakauka ingali imesimama. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Ndiyo maana nawapa heko waganga wanaoshika adabu ya kazi. Mtazame mmoja wao: anabandua kipande chembamba upande mmoja tu, anauacha upande wa pili uendelee kupeleka chakula mizizini, wala harudi kwenye mti huo mpaka kidonda kizibe. Huo ni utaalamu, na ndiyo maana ya kutibu.

Nawe mwenye shamba la mlimani, panda muiri msimu huu wa mvua. Dawa isiyopandwa itakwisha.