Mkeka wa Roboti 14

Novemba 2010, huko Adelaide, Australia, timu za wahandisi zilipewa eneo la takriban mita 500 kwa 500, lenye majengo na vichochoro, zilichoree ramani kwa kutumia roboti na kutafuta humo mabomu ya kuigiza. Muda: saa tatu na nusu. Waendeshaji: wawili tu. Mashindano hayo yaliitwa MAGIC, na timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ndiyo iliyoondoka na dola 750,000.

Roboti zao, kusema kweli, hazikuwa na urembo. Bodi ya plaiwudi, magurudumu manne, kamera, na kipimio cha leza kinachoinama na kuinuka. Lakini urahisi huo ndio uliowawezesha kuzituma 14, na moja ikinasa, nyingine zinasonga mbele.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuunga vipande vya ramani vya roboti hizo. Roboti hukadiria ilipo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, na gurudumu huteleza kwenye kokoto. Ikikosea mwelekeo kwa digrii moja tu, baada ya mita 100 imekwisha kupotoka karibu mita mbili bila kujua. Kwa hiyo kila moja husuka ukili wake; mkeka hupatikana kili zinaposhonwa pamoja, na mmoja ukipinda, mkeka wote unakaa upande.

Mshono hutafutwa pale leza inapoona kona iliyokwisha kuonwa na roboti nyingine. Tatizo ni kwamba kona hufanana, na milango hufanana zaidi. Ukichukulia milango miwili kuwa mmoja, ramani nzima inajikunja; heri pengo. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: programu njema husita, ikapima kila dai kwa madai mengine kabla ya kulikubali.

Tena kila roboti ilibandikwa alama za miraba myeusi na myeupe, AprilTag, kazi ya Edwin Olson, aliyeiongoza timu hiyo. Kamera ya roboti moja ikiiona nyingine, inatambua ni ipi, iko umbali gani, imeelekea wapi. Kupishana tu kichochoroni, tayari mshono umepatikana, na huo haubahatishwi.

Mwendeshaji naye hakuwa mtazamaji. Akiona ukuta mmoja umechorwa mara mbili, aliweza kuongeza mshono au kuufumua, ramani ikajinyoosha upya huku roboti zikiwa bado njiani.