Mdomo wa Kambare na Upana wa Kioo

Kambare niliyemleta nyumbani Embu alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Nilimtoa kwenye kidimbwi cha mjomba wangu kule Runyenjes siku ya kuvuna, akasafiri ndani ya mtungi wa lita tano uliojaa maji nusu. "Mchukue," mjomba aliniambia, "lakini ujue huyu hula na kukua, kazi nyingine hana." Sebuleni tangi la kioo lilikuwa linamngoja: sentimita 120 kwa urefu, 45 kwa upana na 45 kwa kina, yaani lita 243 likijaa pomoni. Nilitaka samaki mmoja mkubwa, mla wenzake, wa kutazamwa jioni. Baada ya miezi minane nilimrudisha Runyenjes, na tangu hapo nimefikiria sana kwa nini chaguo lilelile ni baya kwenye kioo na zuri mno shambani.

Tuanze shambani. Mpango wa kuchochea uchumi ambao serikali iliuanzisha mwaka wa 2009 ulinuia vidimbwi 200 katika kila jimbo, majimbo 140 kwa jumla, na Meru na Embu zilikuwemo. Kidimbwi cha kawaida kilikuwa cha mita 300 za mraba, kikawekwa vifaranga 1,000. Wengi walifuga tilapia, na tilapia ana tabia inayomtia mkulima hasara: huanza kuzaa akiwa wa miezi michache tu. Jike huatamia mayai kinywani, akiwaachilia vichanga anajiandaa kuzaa tena. Kidimbwi hujaa, chakula kilekile kinagombewa na vinywa vingi, na siku ya kuvuna unatoa ndoo kwa ndoo za samaki wa kiganja cha mtoto ambao sokoni hawana mnunuzi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupanda vifaranga vya dume pekee. Ya pili ni kambare, yule ambaye watu wa Nyanza humwita mumi, na ufugaji wa wawili hawa pamoja umechunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Sagana, ng'ambo ya tambarare za Mwea. Ufundi wake uko kwenye ukubwa na wakati. Kambare hana meno ya kukata. Ukimfungua mdomo unakuta ukanda wa vijino vidogo vinavyokwaruza kidole kama msasa. Ananasa na kumeza mzima. Kwa hiyo anayeliwa ni yule anayeenea mdomoni. Mkulima hodari hutanguliza tilapia, huwaacha wakue, kisha huingiza kambare wadogo kuliko hao tilapia. Mdomo wao unawatosha vichanga tu. Mama na baba wanapita salama. Ukikosea ukatanguliza kambare, umefuga kambare peke yake, na umemnunulia chakula cha bei.

Sasa turudi sebuleni. Nilimweka pamoja na samaki sita wa dhahabu waliokuwa wadogo kuliko yeye. Mchana alilala chini ya jiwe kana kwamba hawaoni. Taa ikizimwa, zile sharubu nane zilianza kupapasa mchanga, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kufikia usiku wa nne hapakuwa na samaki wa dhahabu hata mmoja. Hilo nililitarajia kiasi. Nisilolipima ni mkia. Katika miezi minane alifika sentimita 40, ndani ya tangi la upana wa 45. Kila alipogeuka alijikunja kama upinde, na pua yake ikapata kidonda kwa kusugua kioo. Kambare aliyepevuka anaweza kupita mita moja. Usiku mmoja alikisukuma kifuniko, na alfajiri nilimkuta chini ya kochi, ngozi imekauka vumbi, bado hai. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, na nyikani hutambaa kwa miiba ya mapezi ya kifuani kutoka dimbwi linalokauka kwenda jingine. Uhodari ule ndio unaowadanganya wafugaji: kwa kuwa hafi upesi, tunadhani yuko sawa.

Kipimo nilichokipata kwa kidonda kile ndicho ninachowapa watu wa Meru na Embu wanaoniuliza: upana wa tangi uzidi vizuri urefu wa samaki akiwa mzima. Usipime kifaranga dukani. Kwa kipimo hiki sangara anaondoka mara moja, maana anaweza kukaribia mita mbili na hawezi maji yenye oksijeni haba. Trauti wa mito ya juu ya Mlima Kenya, walioletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, wanaenea kwa urefu wakiwa wadogo, ila wanataka maji baridi yanayokwenda, na sebule ya Embu mwezi wa Machi haiwapi hayo. Kamongo wa Ziwa Victoria ni mrefu kama sangara.

Niliishia kwa oska, samaki wa Amazoni anayeuzwa Nairobi. Hukoma kwenye sentimita 30 hivi, hugeuka bila kujikunja, na huwinda mchana, nawe unaona. Mmoja tu, peke yake. Maji yake nayaweka kwenye nyuzi 26 kwa hita, kwa kuwa Julai hapa kwetu hucheza na mifupa, na huko Meru juu ni zaidi. Anakula chakula cha tembe na nyungunyungu niliowachimba mgombani.

Mla nyama hutoa uchafu mwingi wenye amonia. Kichujio kiliachwa kifanye kazi wiki sita kabla ya oska kuingia, ili bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti, wajijenge. Kila Ijumaa natoa mitungi minne ya lita 20, karibu thuluthi ya maji, na kurudisha mingine minne iliyolala wazi usiku kucha ili klorini itoke. Na oska huyu hatatiwa mto Rupingazi wala bwawa la Masinga hata nikichoka naye. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi mno wakatoweka.

Ipo hasara moja katika chaguo langu jipya. Kambare angepanda juu akameza hewa. Oska hana kiungo kile. Stima ilipopotea usiku mzima, saa nane nilimkuta amesimama wima, mdomo kwenye uso wa maji, matamvua yakienda mbio. Nilichukua jagi nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, mkono ukifa ganzi, mpaka adhana ya alfajiri. Sasa pampu ndogo ya betri iko juu ya kabati, karibu na tochi.