Malezi na Ujana katika "Rosa Mistika"

Wafugaji wa Sola, mkoani Simiyu, wajua kuwa ndama aliyefungwa kamba siku zote, akifunguliwa hukimbia asikojua. Jambo hilo ndilo kiini cha riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, ambayo masimulizi yake yaanzia Ukerewe.

Kitabu hicho kilipata kupigwa marufuku shuleni, kwa kudhaniwa kuwa chapotosha vijana. Dhana hiyo haina nguvu. Mtungaji hausifu uasherati. Aonyesha mahali unapoanzia. Zakaria amlinda bintiye kwa kipigo, na barua moja tu ya mvulana yatosha kumwadhibisha. Rosa aendapo shule ya mbali, hana silaha ila woga, na woga ukiisha hana kitu. Kosa la kwanza, basi, ni la mlezi.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Rosa ajiua, na kifo hicho chamnyima msomaji kijana nafasi ya kuona jinsi aliyeanguka awezavyo kuinuka.

Yafaa wazazi wakisome kwanza, kisha wawape watoto wao.