Neno Dogo Mahali Pake

Binti mmoja aliyekuwa akijifunza kwangu kazi ya tafsiri aliniletea cheti cha ndoa alichokigeuza kwa Kiingereza, kiambatane na maombi ya viza. Kazi ilikuwa safi. Majina yalikuwa sahihi, tarehe zimekaa sawa, hata muhuri ameueleza. Mstari mmoja tu ulinisimamisha: "She was married by Juma in 2011." Cheti kilisema "Aliolewa na Juma". Tangu sekondari binti alifundishwa kwamba "na" inayofuata kitenzi cha kutendwa ni "by", naye akafuata alichofundishwa. Nikamwambia kwamba ofisa wa ubalozi akisoma hivyo atamwona Juma amesimama mbele ya maharusi, ndiye shehe au padri aliyewafungisha ndoa. Mume hutajwa kwa "to". Akafuta herufi mbili, akaandika nyingine mbili, na mke akarudishiwa mume wake.

Watu husifu msamiati, husifu matamshi, humsifu mtu kwa maneno mazito anayoyajua. Vihusishi vya Kiingereza havina wa kuvisifu: "at", "on", "in", "to", "by", "with", "for", "from". Ni vifupi kiasi kwamba jicho huviruka. Mimi niliyekaa miaka mingi katikati ya lugha hizi mbili navistahi kuliko maneno yote marefu, kwa sababu nimeona sentensi nyingi zenye msamiati wa kifahari zikianguka kwa kukosa neno moja la herufi mbili.

Tazama Kiswahili kinavyogawa kazi. Mtoto anakwenda shuleni, yupo shuleni, ametoka shuleni. "Shuleni" haijatikisika, kitenzi ndicho kinachojua njia. Ingia, toka, panda, shuka, rudi: kila kimoja kimebeba mwelekeo wake tumboni. Kiingereza humwachia kihusishi na wenzake mzigo huo: "to school", "at school", "from school", "go in", "go out", "go up", "go down", "come back". Kwa hiyo mwanafunzi wetu anapoandika "pick me at the station" na kuacha "up", tusimwite mzembe. Katika lugha aliyonyonya, "nichukue stesheni" ni sentensi kamili.

Mtego unatega upande wa pili pia. Vitenzi kama "enter", "return" na "descend" viliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa vikiwa na mwelekeo ndani yake, kama vyetu. Aliyekwisha kuzoea kwamba Waingereza huongeza neno dogo baada ya kitenzi huviongezea na hivi, akaandika "enter into the room" na "return back", kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula kilichokwisha kutiwa chumvi.

Kiingereza chenyewe hakikuvitegemea vihusishi kiasi hiki siku zote. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita nomino zake zilikuwa na miisho iliyoonyesha kazi ya kila moja katika sentensi. Miisho ile ilipolika, mpangilio wa maneno na vihusishi vikarithi kazi yake. Urithi huo umeacha makovu yanayonivutia sana. Neno "with" zamani lilibeba zaidi maana ya kuwa dhidi ya mtu, na maana hiyo ingali ndani ya "withstand", kuhimili. Aliyekuwa pamoja na mwenzake alitajwa kwa neno "mid", ambalo limekufa likabaki katika neno la mkunga, "midwife", yaani aliye pamoja na mwanamke. Ndiyo maana hata leo "he fought with the Germans" humfanya msomaji asite: alipigana bega kwa bega nao, au alipigana nao? Mwandishi mwangalifu hataliacha swali hilo hewani. Ataandika "against" au "alongside", aendelee.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vinavyobadilika maana kwa kuongezewa neno dogo ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko mambo mengine ya lugha yake. Napenda kuwakumbusha wanafunzi hilo wanapokata tamaa.

Mahali pa kuanzia, kwa mtu wetu, pamo katika lugha yake. Sisi tuna po, ko na mo. Kitabu kipo mezani, kimo sandukuni. Anayehisi tofauti ya kipo na kimo ana nusu ya somo mkononi. "In" ni mo: pamezungukwa, pana kuta. "At" huchukua mahali kama nukta tu, pasipo kujali ndani wala juu: "at the door", "at the bus stop". Kinachotakiwa kuongezwa ni "on", kugusana na uso wa kitu, awe nzi darini au picha ukutani. Wakati nao hufuata njia hiyo. Saa ni nukta, "at six". Siku ni uso unaokanyagwa, "on Friday". Mwezi na mwaka ni vyombo vyenye kina, "in June", "in 2011". Asubuhi ni "in the morning", lakini siku ikitajwa jina, siku ndiyo inayotawala: "on Friday morning". Usiku ni "at night", na hapo sina picha ya kutoa. Mtu aujue tu kama anavyojua jina la jirani.

Jambo ambalo sikufundishwa darasani, na ambalo naliona ndilo kiini cha ufundi huu, ni mahali pa kirai kihusishi ndani ya sentensi. Kwa Kiswahili naweza kusema "ufunguo wa nyumba wenye utepe mwekundu" na hakuna atakayeuliza utepe umefungwa wapi. "Wenye" imevaa ngeli ya ufunguo. Ingekuwa nyumba ndiyo yenye utepe, ningesema "yenye". Upatanisho wetu ni kamba inayofunga kirai kwa mwenyewe hata kama kimesukumwa mbali. Kiingereza hakina kamba hiyo. Andika "the key to the house with the red ribbon", na utepe unahamia kwenye nyumba, kwa kuwa "with" haina ngeli na hushika jirani wa karibu. Fundi ataandika "the house key with the red ribbon", au ataupanga mstari upya. Kirai cha Kiingereza hakina kitambulisho isipokuwa mahali kilipokaa.

Mswahili akilielewa hili ana faida juu ya wenyeji wa lugha ile, maana yeye tangu utotoni amezoea kuuliza kila neno ni la nani. Chukua kosa ambalo hata magazeti ya Kiingereza hulifanya: "The list of names are on the wall." Sikio limedanganywa na majina yaliyo karibu na kitenzi. Sisi husema "orodha ya majina imebandikwa", kwa sababu orodha ndiyo yenye sentensi na majina yamo ndani ya kirai, hayana mamlaka. Uangalifu huo huo upelekwe Kiingereza, na "are" itakuwa "is".

Lile katazo la kumaliza sentensi kwa kihusishi halistahili muda mrefu. Mshairi John Dryden mwaka 1672 alimlaumu kwa jambo hilo mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa amekufa miaka 35 kabla, na walimu wakaligeuza kuwa sheria. "What are you looking for?" ni Kiingereza safi.

Afadhali tumtazame Rais Abraham Lincoln wa Marekani, tarehe 19 Novemba 1863, pale Gettysburg. Hotuba yake haikufika maneno 300, na mwishoni aliweka neno moja, watu, mara tatu, kila mara nyuma ya kihusishi kingine: "of", "by", "for". Nomino haikubadilika, ila uhusiano wa watu na serikali yao ulibadilika mara tatu. Jaribu kuileta kwetu neno kwa neno. "Ya watu" inakubali. "Kwa ajili ya watu" inakubali. "Na watu" inagoma, kwa kuwa ikisimama peke yake husomeka "pamoja na watu". Ni lazima uiitie kitenzi, "iliyoundwa na watu". Kitu alichokibeba Lincoln kwa herufi mbili kimenidai kitenzi kizima. Kila ninapoifanyia kazi sehemu ile naona jinsi lugha mbili zinavyoweza kuwa na nguvu sawa na viungo tofauti.

Vihusishi hivi si mzigo wa mfasiri peke yake. Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anapokelewa na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Anaambiwa aeleze damu inavyotoka kwenye moyo na kwenda kwenye mapafu, na jibu lake zima linasimama juu ya "from" na "to". Akivikosea, anaonekana hajui moyo.

Kwenu walimu wa kidato cha kwanza nina ombi. Msiandike ubaoni kwamba "kwa" ni "by, with, for, to". Kanuni ya namna hiyo, "na" ni "by", ndiyo iliyompa Juma kilemba cha shehe. Mpeni mtoto neno pamoja na mwenza wake, "depend on", "good at", "married to", "afraid of", alinakili kama neno moja ndani ya sentensi nzima. Kisha mwonesheni kwamba kwao ana po na mo, ana ngeli, ana "wenye" na "yenye", na kwamba alipokuja darasani alikuwa ameshaanza kuujua ufundi huu.