Herufi za Kijani

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma kutazama maonyesho ya elimu ya kompyuta. Taa zilizimwa, na kijana mmoja akaanza kugonga vitufe kwa kasi ya ajabu. Ukutani, mbele yetu, herufi za kijani zilimiminika kama mvua ya Januari. Kisha likatokea neno kubwa jekundu: UMEINGIA. Tukaambiwa kwamba hivyo ndivyo wadukuzi wanavyoibia benki. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Baadaye nilimfuata yule kijana. Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, hapa hakuna benki. Maneno yote yameshaandikwa ndani ya programu. Ukigonga kitufe chochote yanatoka." Nikagonga kwa kiwiko. Yakatoka.

Sina ugomvi na mchezo. Anayekwenda kutazama sinema amekubali kudanganywa. Zile herufi za kijani zilivuma kwa filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, na aliyezibuni alieleza kwamba alizichukua katika maandishi ya mapishi ya Kijapani. Hakuna aliyedhurika. Filamu iliyoifuata mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi: ilionyesha Nmap, programu halisi inayotumiwa na wataalamu kuchunguza kompyuta zilizounganishwa.

Lakini filamu ninayoiheshimu kuliko hizo ni WarGames ya mwaka 1983. Humo mwanafunzi anaingia katika kompyuta ya shule yake na kujibadilishia alama. Ameipataje njia? Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi katika ofisi ya shule, naye amelisoma alipopelekwa huko kwa utovu wa nidhamu. Mimi niliyekaa ofisini kama mwalimu mkuu kwa miaka mingi naujua ukweli wa karatasi ile. Rais Reagan wa Marekani aliitazama filamu hiyo mwaka huohuo, akawauliza wakuu wake wa jeshi kama jambo kama hilo linawezekana. Wakamjibu kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani, na mwaka 1984 akatoa agizo la kulinda kompyuta za serikali.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Katika chuo cha ualimu tuliwafundisha walimu wanafunzi kwamba zana ya kufundishia yaweza kurahisisha jambo, bali isilipotoshe. Moyo wa udongo wa mfinyanzi haupigi, lakini vyumba vyake ni vinne. Onyesho lile lilikuwa na rangi na kasi, ila vyumba vyake havikuwa vinne. Lilitufundisha kwamba mwizi ni fundi wa ajabu, yuko mbali, na anahangaika na benki, si na sisi.

Nathubutu kusema hivyo kwa sababu lilinigharimu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeahidi kumtumia fundi wangu fedha za mabati. Ukaingia ujumbe katika simu: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Nikatuma shilingi 80,000. Jioni fundi akanipigia kuuliza mbona kimya. Mwizi wangu hakujua fundi wala mabati. Aliwatumia watu wengi ujumbe uleule, akangoja mmoja mwenye deni. Wala hapakuwa na herufi ya kijani.

Ushauri wangu kwa waandaaji wa maonyesho ni huu: acheni taa ziwake. Mleteni mwanafunzi mmoja mwenye simu, na mwingine nyuma ya pazia amwandikie maneno manane ya kawaida. Kisha waulizeni wazazi: nani angetuma? Makofi yatakuwa machache, lakini watu watarudi nyumbani wakijua la kufanya: kumpigia kwanza unayemdai au anayekudai, kwa namba yake unayoijua.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikitafuta ukutani.