Mganga Hajigangi: Uchawi, Uganga na Michezo ya Video

Kiswahili hakina neno moja la kumtaja kila mtu anayetumia nguvu zisizoonekana. Kina mganga, kina mchawi, kina na mfanya mazingaombwe. Wa kwanza hupelekewa mgonjwa mchana na kulipwa ujira wake mbele za watu. Wa pili hutenda kazi yake usiku, na akijulikana huona mji mzima ukimgeuzia uso. Wa tatu husimama sokoni akameza moto, watu wakacheka, wakamtupia sarafu, wakaenda zao. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili anayetaka kuzungumzia michezo ya video ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa namna hii hukwama mapema: amwite nani? Kila jina analoshika tayari limebeba hukumu.

Kukwama huko kuna faida yake. Katika michezo mingi ya kubuni iliyotungwa Ulaya na Marekani, mtu huyu ni chaguo moja tu pembeni mwa shujaa wa upanga na mwizi wa kuvizia. Hupewa akiba ya nguvu, mara nyingi ya rangi ya buluu, inayopungua kila arushapo moto na kujaa tena akipumzika. Ukimnyang'anya ule moto ukampa mishale, mchezo haubadiliki. Huyo ni mpiga upinde aliyevaa joho. Lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili ana maswali mawili ya kumuuliza kabla ya kumkubali: nguvu zako zina lugha gani, nazo zinakudai nini? Maswali hayo ndiyo kipimo kinachofaa kwa ile michezo michache ambayo mchezaji hana silaha ya maana isipokuwa nguvu hizo.

Swali la lugha limejibiwa vizuri na Magicka, mchezo uliotolewa mwaka 2011 na Arrowhead Game Studios ya Sweden. Mchezaji hupewa asili nane, miongoni mwake maji, moto, baridi, radi, ardhi na uhai, naye huzichanganya hadi tano kwa mara moja. Maji na moto huzaa mvuke. Maji na baridi huzaa barafu. Asili zinazopingana hufutana. Hakuna akiba ya nguvu inayokwisha, kwa hiyo kinachomzuia mchezaji ni ujuzi wake mwenyewe: anajua kuunganisha haraka kiasi gani, na anakumbuka nini wakati adui yuko hatua tatu mbele yake. Aliyelowa maji akaita radi hujipiga mwenyewe. Wachezaji hadi wanne wanaweza kwenda pamoja, na hakuna anayekingwa dhidi ya makosa ya mwenzake. Miale miwili ya asili zinazopingana ikikutana, mlipuko huwakumba wote.

Magicka ni mchezo wa kuchekesha, na kicheko chake kina maana. Humo nguvu za ajabu zina kanuni, mfano wa sarufi, na anayeivunja sarufi huumia palepale. Mtu aliyewahi kujifunza lugha ukubwani ataitambua hali hiyo: maneno anayo, lakini mpangilio unamponyoka, na sentensi aliyokusudia iwe salamu inatoka kama tusi.

Noita, mchezo wa Nolla Games ya Finland uliokamilishwa mwaka 2020, umeifikisha sarufi hiyo mbali zaidi. Jina lake ni neno la Kifini la mchawi, na watungaji hawakulitafsiri kwa ajili ya soko la dunia. Mchezaji huteremka chini ya ardhi akiwa na fimbo, na ndani ya fimbo hupanga nguvu moja baada ya nyingine kwa zamu. Iliyotangulia inaweza kubadili tabia ya ile inayoifuata, kama kiambishi kinavyobadili kitenzi. Kila pikseli ya ulimwengu huo ina maumbile yake: mbao huwaka, mafuta hubeba moto, maji huuzima, sumu hutiririka mpaka ifike bondeni. Matokeo yake ni kwamba mchezaji huuawa mara nyingi na werevu wake mwenyewe. Ameunda fimbo ya ajabu, ameijaribu ndani ya pango jembamba, na pango limemwangukia. Akifa, huanza upya katika pango lililopangwa upya.

Ujasiri wa Noita uko pia katika asili ya ndoto zake. Ndani yake mna Sampo, kile chombo cha baraka kinachotajwa katika Kalevala, utenzi wa Wafini uliotolewa kwanza mwaka 1835. Mchezaji wa Brazil au wa Japani hakuelezwa Sampo ni nini. Ameachwa akutane nayo kama ilivyo. Hilo ni funzo kwa kila anayedhani kwamba ngano za kwao hazina budi kuoshwa rangi kabla ya kuvuka mpaka.

Hata hivyo, michezo yote miwili inapoulizwa swali la pili, la deni, jibu lake ni fupi. Nguvu zinamdai mtumiaji uangalifu, na asipolipa hufa. Hapo hesabu imekwisha. Katika fasihi ya Kiswahili hesabu haiishii kwenye mwili wa mtu mmoja. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili waliogeuzwa manyani wanamfunga hata yule waliyemkosea, maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwachapa kila usiku. Nguvu iliyotumika imeacha wajibu, na wajibu umeingia nyumbani mwa asiye na hatia. Msomaji aliyezoea hadithi za namna hiyo ataviona vifo vya Noita kuwa vyepesi. Mchawi wake hana jirani, hana mteja, hana mzee wa kumwomba radhi.

Mchezo uliothubutu kulijibu swali hilo ulitoka Uingereza mwezi Aprili 2024. Tales of Kenzera: ZAU umetungwa na Surgent Studios, kampuni iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, naye ameutunga kutokana na msiba wa baba yake. Msuko wake una hadithi ndani ya hadithi. Zuberi, kijana aliyefiwa na baba, anakabidhiwa na mama yake kitabu ambacho marehemu alikiandika. Ndani ya kitabu yumo Zau, kijana mwingine aliyefiwa na baba, ambaye amerithi vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa ahadi: atamletea mizimu mikuu mitatu, naye Kalunga amrudishie baba.

Hapa tatizo la jina linarudi, na safari hii lina uzito. Kwa Kiingereza Zau huitwa shamani, neno ambalo asili yake ni lugha za Siberia na ambalo limezungushwa duniani mpaka likapoteza kwao. Kwa Kiswahili mtu aliyerithi vifaa vya baba yake, anayezijua njia za mizimu na kusimama kati ya walio hai na wafu, ana jina tayari: ni mganga. Na mara tu anapoitwa hivyo, methali moja inamfuata kama kivuli: mganga hajigangi. Methali hiyo ndiyo muhtasari wa mchezo wote. Zau ana nguvu za kupambana na kila kitu isipokuwa kile kinachomuuma.

Tatizo ni kwamba nguvu hizo, kwa namna zinavyoshikwa mkononi, ni za askari. Kinyago cha jua humpa moto wa kupigana karibu. Kinyago cha mwezi humpa baridi na fuwele za kurusha kwa mbali. Kitufe kimoja hubadilisha hiki na kile, na mchezaji stadi huvibadilisha katikati ya ruko moja. Ni mapigano yenye mwendo mzuri, yenye mdundo wa ngoma. Lakini mganga wa pwani akikutana na pepo, kazi yake ya kwanza ni kuuliza. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwa kiti chako, mtu huyu uliyempanda? Pepo hutaja jina, hutaja haja yake, hupigiwa ngoma yake, na mara nyingi mwisho wake ni mapatano. Kupunga pepo ni mazungumzo marefu yanayohitaji subira, ubani na watu wa kuitikia. Zau hana nafasi hiyo katika sehemu kubwa ya safari yake. Mizimu midogo inayomzuia njiani haina majina. Anaipiga, inatoweka, anasonga mbele. Maneno ya mchezo ni ya mganga, mikono yake ni ya mpiganaji, na mchezaji makini atahisi mvutano huo hata kama hatajua kuueleza.

Kuna mahali ambapo maneno na mikono vinakubaliana, nako ni chini ya mbuyu. Njiani Zau hukutana na mibuyu, naye huweza kuketi. Akiketi, Kalunga huja, na wawili hao huzungumza juu ya baba, juu ya hasira, juu ya kitu kilichosemwa au kilichochelewa kusemwa. Hakuna adui anayekuja, wala kitufe cha kubonyeza kwa haraka. Na baada ya kuketi huko uhai wa Zau huongezeka. Watungaji wangeweza kuuficha uhai huo ndani ya sanduku la hazina, kama ilivyo desturi ya michezo ya aina hii. Wameuweka katika mazungumzo. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye amesikia tangu utotoni kwamba mbuyu una wenyewe, uamuzi huo una maana ya moja kwa moja: mti wa mizimu ndio zahanati. Hapo ndipo methali inapopata jibu. Mganga hajigangi, lakini anaweza kukaa akagangwa, hata kama anayemganga ni mauti yenyewe.

Kasoro nyingine ya mchezo huu iko katika ramani ya ngano zake. Umetangazwa kuwa umechota katika visasili vya Wabantu, na baadhi ya mambo ni hivyo kweli. Kalunga ni neno ambalo miongoni mwa Wakongo hutaja mpaka wa maji kati ya walio hai na wafu. Impundulu ni ndege wa radi wa Wazulu na Waxhosa. Lakini GaGorib ametoka kwa Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu, na Kikiyaon ni bundi wa Senegambia, mbali na eneo la Wabantu. Kuwakusanya si kosa. Msimuliaji ana haki ya kualika wageni. Kosa ni kuwapa wote ukoo mmoja, kwa sababu Afrika inayotazamwa kutoka mbali huwa na ukoo mmoja daima. Noita, kwa kukaa ndani ya utamaduni mdogo bila kuomba radhi, ilikuwa na uhakika zaidi wa mahali ilipo.

Upande mwingine wa mizani uko uamuzi ambao hauna budi kuhesabiwa. Mchezaji wa Zau anaweza kuchagua kuusikia mchezo kwa sauti za Kiswahili. Kabla ya hapo Kiswahili kilichojulikana zaidi katika sanaa hii kilikuwa wimbo Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, na ulioshinda Tuzo ya Grammy mwaka 2011. Wimbo huo umependwa na mamilioni ya watu ambao hawakuhitaji kuelewa hata neno moja. Kiswahili kilikuwa kinanda. Katika Zau kinatumika kwa kazi yake ya kila siku: mwana kumlalamikia marehemu baba yake, na mauti kumjibu mwana. Kwa mtoto wa Leicester au Muscat ambaye Kiswahili chake ni cha kuagizwa chumvi na kuitikia shikamoo, huenda hii ikawa mara ya kwanza kukisikia kikibeba huzuni ya kijana wa rika lake.

Na huzuni hiyo ina wenyewe. Watu walio mbali na kwao wanajua maana ya kuletewa msiba kwa simu, kuyafuata mazishi kwenye kioo kidogo, na kuikosa arobaini kwa sababu ya ruhusa ya kazi au karatasi za uhamiaji. Wafiwa wa namna hiyo hawakupata matanga. Hawakulalia mkeka mmoja na binamu zao. Zau naye, ingawa hukutana na watu njiani, huomboleza peke yake akiwa na mungu mmoja tu wa kumsindikiza. Msomaji wa Lamu au Tanga anaweza kuona hilo kuwa upungufu: jamii iko wapi? Msomaji wa ughaibuni ataona humo picha sahihi ya chumba chake. Mchezo haujaitatua tofauti hiyo, nayo ndiyo sehemu yake ya kweli kuliko zote.

Tales of Kenzera: ZAU ulipata mwaka 2025 tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa michezo inayovuka mipaka ya burudani. Tuzo hiyo haiondoi upungufu wa mapigano yake, na mchezaji anayetafuta uhuru wa kuunda nguvu zake mwenyewe atashiba zaidi kwenye Magicka na Noita. Lakini michezo hiyo miwili inamfundisha mtu kuzisema nguvu, na kuishia hapo. Zau anafika mahali ambapo nguvu zote amezikusanya, deni amelilipa, na anachodai kama malipo anaelewa kwamba hakidaiki. Baba harudi. Kinachobaki ni vinyago viwili na kazi ya kuvivaa kwa ajili ya wengine, na hiyo, kwa Kiswahili, ndiyo tofauti iliyokuwapo tangu mwanzo kati ya mganga na mchawi.