Gome Linapoulizwa Maswali

Mwambie muuza dawa za asili wa Kariakoo kwamba tumbo linaendesha, hatakuuliza mengi. Mmoja atakufungia magome ya mzambarau, mwingine atakuambia uchemshe majani machanga ya mpera au maganda ya komamanga. Ujuzi huo amerithi. Upanga, mwendo mfupi kutoka hapo, Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, inauheshimu ujuzi huo kwa kuupima.

Kazi huanza kwa kuutambua mti. Tawi lenye majani na maua hukaushwa na kuhifadhiwa ili mtaalamu wa mimea athibitishe jina, maana magome yakishakatwakatwa hufanana. Kisha gome hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye spiriti na kuchujwa. Sehemu nyingine huchemshwa kwa maji, kama afanyavyo mgonjwa nyumbani, kwa kuwa kinachotolewa na spiriti huenda maji yasikitoe.

Ndipo huletwa sahani ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye vishimo 96. Kishimo cha kwanza hutiwa dawa kali, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya hiyo, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Vyote hutiwa bakteria, tuseme Escherichia coli au Shigella. Safu moja hupewa jentamaisini, antibiotiki ya kulinganishia. Nyingine kiyeyushi kitupu, gome lisije likasifiwa kwa kazi isiyo yake. Sahani hulala kwenye nyuzijoto 37. Kesho yake hudondoshewa rangi ambayo bakteria hai huigeuza kuwa waridi. Gome lenyewe lina wekundu wake, kwa hiyo jicho lazima liwe limezoea. Mpimaji hutafuta kishimo cha mwisho ambacho hakikugeuka: hicho ndicho kiasi kidogo kabisa kilichowazuia bakteria. Akishaandika, anarudia upya.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba hamalizi hapo. Sahani ikigeuka waridi yote, dawa bado haijashindwa. Majani ya mpera yana kwasetini, inayotuliza mikazo ya utumbo. Mtu anaweza kupata nafuu bakteria wakiwa hai. Uwezekano huo hupimwa kwa panya walionyweshwa mafuta ya nyonyo ili waharishe. Na kwa kuwa dawa inayoua bakteria inaweza kumdhuru mtu pia, viluwiluwi vya jamii ya kamba huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye dawa hiyo, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa.

Kazi hii haimdharau muuza dawa, wala haimpaki mafuta. Jibu la "halifai" lina thamani sawa na la "linafaa", kwa sababu anayeharisha anaweza kuuawa upesi na upungufu wa maji. Mtoto apewe ORS na zinki tangu siku ya kwanza, na afikishwe kituo cha afya akilegea au akitoa damu. Gome lisubiri zamu yake maabara.